Mshauri wako amehamishwa, uanze upya na nani? Kliniki ya hospitali, mshauri binafsi na mshauri wa simu kwa mtu wa Kigoma

Aliniambia mwenyewe, dakika chache kabla saa yetu haijaisha: barua ya uhamisho imefika, mwezi ujao anaripoti mkoa mwingine. Tulikuwa tumekutana mara tano. Nilimtakia safari njema, nikatoka, nikapanda bajaji, na dereva aliponiuliza, "Mama, tunaelekea wapi?" sikuwa na jibu la haraka.

Kilichonipeleka kwake kilikuwa msiba. Ziwa lilimchukua kaka yangu, na tangu hapo kila mwezi ulipoingia gizani sikulala. Watu wa hapa wanajua: usiku wa giza ndio wa dagaa, na taa za wavuvi ukizitazama kutoka Bangwe ni kama mji mwingine umewashwa juu ya maji. Nilizihesabu hadi alfajiri, kisha nikaenda kufundisha darasa la tatu. Mshauri yule ndiye aliyenifikisha mahali pa kulitaja jina la kaka bila sauti kukatika. Halafu akaondoka, nami nikatakiwa kuyaanza yote mbele ya mgeni.

Miezi iliyofuata nilipita njia tatu ambazo mtu wa Kigoma mjini anaweza kuzifikia: kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya serikali, mshauri nasaha anayejitegemea, na mshauri wa mbali kwa simu. Nawaandikia waliosimama nilipokuwa nimesimama mimi, na wale ambao hawajawahi kuanza kabisa na wanaogopa siku ya kwanza.

Nimezilinganisha kwa mambo sita: siku ya kwanza inakuwaje, nani atajua kwamba umekwenda, fedha na muda, uzito wa tatizo ambao kila mmoja anaweza kuubeba, kama mtu huyo atakuwepo miezi mitatu ijayo, na umri, jinsia na lugha ya anayekusikiliza. Swali langu kubwa lilikuwa moja: kwa nani nitaweza kurudi mara ya tatu? Mara ya kwanza mtu huenda kwa sababu amezidiwa. Mara ya tatu huenda kwa sababu mahali panamwezesha kwenda.

Siku ya kwanza

Kliniki inaanza kama hospitali nyingine yoyote: mapokezi, kadi, faili, malipo au bima, presha na uzito, kisha benchi. Atakayekuona anaweza kuwa daktari, tabibu au muuguzi wa afya ya akili. Maswali yatakuwa mengi na ya haraka kidogo: usingizi, chakula, pombe, magonjwa ya nyuma, kama kuna mtu kwenye ukoo aliyewahi kuugua akili. Unaweza kuulizwa maswali 9 ya dodoso linalojulikana duniani kama PHQ-9, yanayohusu wiki mbili zilizopita: siku ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo, siku ngapi umejiona hufai, na kadhalika. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, jumla 27. Mimi, mwalimu, nilijibu kana kwamba nasahihishwa, nikapunguza ukweli. Niliporudi mara ya pili nikasema yalivyo, alama zikapanda, na hapo ndipo msaada wenyewe ulipoanza. Usishangae pia ukitumwa maabara. Upungufu wa damu au tezi ya shingoni inayofanya kazi chini ya kiwango vinaweza kumlegeza mtu mpaka aonekane ana sonona, na kuliona hilo mapema ni faida ya hospitali ambayo chumba cha maongezi hakina.

Kwa mshauri binafsi hakuna foleni. Kuna chumba, viti viwili, pengine chupa ya maji, na dakika 45 hadi saa nzima ambazo ni zako. Mshauri aliyefundishwa vizuri hutumia dakika za mwanzo kueleza masharti: kwamba utakayoyasema yanabaki hapo, isipokuwa kukiwa na hatari kwa maisha yako, kwa mtu mwingine au kwa mtoto; mtakutana mara ngapi; bei ni kiasi gani; ukishindwa kuja umjulishe vipi. Kisha atakuuliza unataka nini kibadilike. Swali hilo lilinikwamisha. Nilitaka kaka arudi, na hilo halikuwa jibu analoweza kulifanyia kazi. Tulikaa kimya muda mrefu mpaka nikasema, "Nataka nilale usiku wa giza." Akaliandika.

Kwa simu, sehemu ya mazungumzo ya kwanza ni ya maandalizi. Anapaswa kukuuliza uko wapi wakati huo, uko peke yako au la, ni nani apigiwe ukizidiwa, hospitali gani iko karibu, na mfanye nini mtandao ukikatika katikati ya jambo zito. Asipouliza lolote kati ya hayo, muulize wewe. Akilipuuza, tafuta mwingine, kwa sababu yuko mbali na wewe ndiye utakayekuwa peke yako chumbani.

Kote kutatu, siku hiyo ni ya kufungua mlango tu. Utatoka umechoka kama uliyelima, na usiku wake unaweza kulala vibaya kuliko jana. Hiyo si dalili kwamba umekosea mtu. Halafu, kwa mliokwisha kuanza na mwingine: hamlazimiki kumwaga kila kitu upya. Mimi niliandika nusu ukurasa wa daftari: nini kilitokea, nini tulikwisha kukifanya, nini kilinisaidia, na jambo moja ambalo sikutaka kuulizwa kwanza. Nilimpa kila mshauri mpya asome mbele yangu. Kama mshauri wako wa zamani hajaondoka bado, mwombe akuandikie muhtasari huo yeye.

Nani atajua kwamba umekwenda

Hapa ndipo wengi tunaposhindwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kigoma ni mji ambao ukinunua mchele Mwanga asubuhi, mchana mtu wa Gungu anakuuliza una wageni wangapi. Kwenye benchi la kliniki nilikaa karibu na mama aliyekuja na chupa ya chai na vikombe viwili, akanimiminia bila kuniuliza nimefuata nini. Dakika kumi baadaye akapita mzazi wa mwanafunzi wangu, akasimama. "Mwalimu, shikamoo, unaumwa?" Nikasema nasubiri majibu. Ni kweli, nilikuwa nasubiri majibu. Faida ya hospitali ni kwamba ina sababu mia za kumfanya mtu awe pale. Ubaya wake ni kwamba mlango wenyewe wa afya ya akili una jina, na bado wapo wanaolitamka jina la Mirembe, hospitali ya afya ya akili ya Dodoma, kama tusi.

Kwa mshauri binafsi wanaokuona ni wachache, lakini yeye mwenyewe ni mtu wa mji huu. Anaweza kuwa wa kwaya yako, wa msikiti wako, au shemeji wa jirani. Muulize siku ya kwanza: tukikutana sokoni itakuwaje? Jibu zuri ni kwamba hatakusalimia kwanza. Atasubiri wewe uamue. Wapo wasioijua kanuni hii. Mmoja niliyewahi kwenda kwake, wakati huo nikiishi mkoa mwingine, alipokea simu nikiwa nalia, akamwambia aliyepiga, "Niko na mama mmoja hapa ana msiba." Hakutaja jina, lakini sikurudi tena.

Kwa simu hakuna anayekuona ukiingia popote. Tatizo ni nyumba zetu. Kwangu kuta za vyumba haziendi hadi kwenye bati. Ukinong'ona chumbani, sebuleni wanasikia. Nilijaribu kuwasha redio nikajikuta nasema kwa kupaza sauti. Mwishowe nikawa natembea hadi ufukweni Kibirizi, jioni, nakaa nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa ukisubiri kuzibwa, na spika za masikioni. Injini za maboti zilinifichia sauti kuliko ukuta. Wengine hukaa ndani ya gari lililoegeshwa, au darasani watoto wakishatoka. Kabla ya kulipa, tafuta kwanza mahali pako pa kuzungumzia. Ukikosa, njia hii haikufai hata mshauri awe bora namna gani.

Fedha na muda

Kliniki ya serikali ndiyo nafuu kwa mfuko, na bima inaweza kukusaidia. Uliza dirishani kabla ya kuingia kama inagharimia ushauri na dawa zote mbili. Gharama yake kubwa ni siku yako. Mwenye kibanda akifunga asubuhi nzima anajua ameacha nini.

Mshauri binafsi analipwa kila mkutano. Usipige hesabu ya mkutano mmoja. Zidisha kwa sita halafu ujiulize kama unaweza. Namba sita siitoi hewani. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa Benchi la Urafiki, ambapo akina bibi waliofundishwa hukaa na mtu kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia kuchambua tatizo lake katika mikutano sita hivi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida, miezi sita baada ya kuanza. Sita zinatosha kuona mwelekeo, ingawa msiba au kiwewe cha muda mrefu kinaweza kuhitaji zaidi. Uliza pia kama anapunguza bei kwa asiyeweza. Wengine hupunguza, lakini hawatangazi.

Kwa simu unaongeza bando na unaondoa nauli. Kwa aliye Kalinzi au Uvinza, nauli peke yake inaweza kuamua jambo hili.

Uzito wa tatizo

Kama unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kama hujalala siku kadhaa na bado una nguvu za ajabu, kama umeacha kula, au mawazo ya kujiua yamekujia, anzia hospitali. Hapa mkoani ni Maweni, kwa Tabora ni Kitete. Hizo ndizo hospitali za rufaa za mikoa, na ndizo zinazoweza kukupeleka mbele zaidi, hadi Mirembe. Mawazo hayo yakiwa makali usiku, nenda dharura na mtu wa nyumbani, usisubiri siku ya kliniki. Najua kinachowanyamazisha wengi: Kanuni ya Adhabu yetu inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Lakini kumwambia mhudumu wa afya kwamba mawazo yanakujia si kosa. Ni kueleza dalili, kama unavyoeleza homa.

Hospitali pia ndiko kwenye dawa. Ukiandikiwa dawa ya sonona, kama fluoxetine au amitriptyline, usitegemee nafuu ya kesho. Kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi sita kuonyesha kazi, na maudhi madogo kama kinywa kukauka au usingizi mzito yanaweza kutangulia nafuu. Wengi huziacha katika wiki hizo za mwanzo. Ukitaka kuziacha, rudi kwanza useme, kwa sababu kukatisha ghafla kuna matatizo yake.

Mshauri binafsi na wa simu wanafaa kwa msiba, ndoa, msongo wa kazi, hofu, kujilaumu, mambo ambayo dawa yake kubwa ni kusikilizwa kwa utaratibu na kufundishwa namna ya kuyabeba. Mwenye busara hukwambia mapema, "Hili limenizidi, nenda hospitali, nami nitaendelea kuwa nawe." Neno mshauri mtu yeyote anaweza kujibandika, kwa hiyo muulize alisomea wapi, alisomea nini hasa, na nani anamsimamia kazi yake. Aliyesomea hakasiriki kuulizwa.

Je, atakuwepo?

Kliniki watumishi hubadilishana zamu na huhamishwa. Anayekuona Machi siye lazima atakayekuona Mei. Lakini faili lako linabaki, na aliyekuja ataanza pale mwenzake alipoishia, kama lilijazwa vizuri. Mshauri binafsi akitaka kuondoka atakueleza mwenyewe, ila akiondoka anaondoka na kumbukumbu zote.

Wa simu ana faida moja ambayo mtumishi wa umma anaijua thamani yake: anakufuata. Ukihamishwa wewe kwenda Kakonko au Sikonge, saa yenu ya Alhamisi inabaki palepale.

Umri, jinsia na lugha

Kliniki nilikutana na kijana ambaye angeweza kuwa mwanangu wa kwanza. Aliniamkia, "Shikamoo mama," akavuta kiti, akaniuliza kama ninapata hamu ya tendo la ndoa. Nilitazama sakafu. Alifanya kazi yake, na aliifanya kwa heshima, lakini kwetu mwenye umri wangu halijibu swali hilo kwa wa umri wake bila kupita mahali pengine kwanza. Nikamwambia, "Mwanangu, hilo naomba nimjibu muuguzi wa kike." Akakubali bila kununa. Kwa hiyo ombeni, inaruhusiwa. Kliniki utapewa wa kike akiwepo. Kwa mshauri binafsi mjini uchaguzi ni mdogo. Kwa simu unachagua hata umri, maana unaweza kumpata aliyeko Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam.

Lugha ni kinyume chake. Mama yangu Mha wa Kasulu anakijua vizuri Kiswahili cha sokoni, lakini uchungu wake uko kwa Kiha. Mtu wa namna hiyo, mshauri wa simu kutoka pwani atamchosha. Hospitali ya hapa ina nafasi kubwa ya kuwa na muuguzi mwenyeji anayekisema. Ila msikubali mtoto au mkwe awe mkalimani. Mama hatasema mbele ya mkwe kilichomleta.

Na padri, mchungaji au shehe?

Wengi wetu tulianzia kwao, nami pia. Sala ilinishika mkono siku ambazo hakuna kingine kilichonishika. Siwaweki kwenye ulinganisho huu kwa sababu si lazima uchague kati yao na mshauri. Unaweza kuwa na wote wawili. Tahadhari yangu ni moja: kiongozi akikwambia uache dawa ya hospitali, rudi kwa aliyekuandikia kabla hujaacha.

Kwa hali yako

Umezidiwa, hulali, huli, au unawaza kufa: kliniki, na leo. Ukishatulia unaweza kuongeza mshauri wa aina yoyote.

Una msiba au ndoa inakuwasha moto, unafanya kazi kama kawaida, na fedha ya mikutano sita unaweza kuipata: mshauri binafsi atakupa saa nzima ambayo kliniki haiwezi. Fedha ikikosekana, ulizia idara ya ustawi wa jamii hospitalini au halmashauri. Maafisa wake husikiliza na hujua pa kukuelekeza, hasa kukiwa na suala la matunzo ya mtoto au kipigo nyumbani. Kipigo kina mlango mwingine pia, Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na kwa mtoto kuna simu ya bure 116.

Wewe ni mtu anayejulikana mji mzima, kiongozi, muuguzi, mwalimu, au unaishi mbali na barabara: simu, kama una mahali pa kuzungumzia na mtandao hausumbui. Mimi nipo hapa. Narudi kliniki pia mara chache, kwa ajili ya usingizi.

Una mzazi mzee: kliniki, mwenyeji, na uingie naye mlangoni kisha utoke nje.

Umekwenda mara moja na hukumpenda: jiulize kama ni yeye au ni uchungu wa kuanza. Kama ni uchungu, mpe mikutano mitatu. Lakini akikugusa usivyotaka, akikuomba mkopo, akikusimulia siri za mwingine, akikuhubiria au akikucheka, usimpe wa pili. Huna deni la kueleza sababu. Mimi yule aliyepokea simu nikiwa nalia nilimwandikia hivi, na unaweza kuuchukua ulivyo: "Asante kwa muda wako. Nimeamua kuendelea na mtu mwingine. Naomba kumbukumbu zangu zibaki siri." Alijibu, "Sawa mama, kila la heri," na wiki iliyofuata nikampigia mwingine.